Somo la 8: Mzee ni Nani?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mambo ya Walawi 19:32; 1 Wafalme 12:6-14; Ayubu 32:6-9; 1 Timotheo 5:1-19; Luka 2:36-38; 2 Samweli 19:31-39; Danieli 7:9-14.

Fungu la Kukariri: Mambo ya Walawi 19:32. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili, mpaka uweze kulisema bila kufungua kitabu.

Mwaka niliotimiza miaka 50 nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu kwenda Utete. Kondakta alinigusa bega akasema, "Mzee, samahani, sogea kidogo." Nilisogea, lakini moyoni sikufurahi. Nilijipapasa kichwa kama mtu anayetafuta mvi alizosahau. Abiria aliyekuwa pembeni yangu akacheka, akaniambia, "Amekuheshimu tu, usiumie."

Kituo kilichofuata alipanda mwanamke aliyepinda mgongo, ameshika fimbo na kifurushi cha ukindu. Umri wake ulikuwa kama wangu mara moja na nusu. Kondakta yule yule, kwa sauti nyingine kabisa, alimwambia, "We bibi, fanya haraka, unatuchelewesha." Alisimama hadi mtu mmoja alipomwona na kumpisha.

Mimi niliyekuwa na shati lililopigwa pasi na mkoba wa vitabu niliitwa mzee. Yeye aliyekuwa mzee kweli aliambiwa afanye haraka. Safari nzima nilijiuliza: hili neno tunalolitumia mara nyingi kwa siku tunampa nani, na tunamnyima nani? Juma hili tutalichunguza neno hilo katika Kiswahili chetu, kisha tutalipeleka mbele ya Maandiko ili tuone kama heshima tunayoitamka midomoni ndiyo ile Mungu anayoiagiza.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Neno Lenye Milango Mingi

Serikali yetu ina jibu fupi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, mwanamume au mwanamke. Kwa kadi ya matibabu na kwa dirisha la wazee hospitalini, jibu hilo linatosha. Lakini midomo ya watu haihesabu miaka tu.

Kijana akisema, "Nampelekea mzee hela ya dawa," anamaanisha baba yake, hata kama baba huyo ana miaka 48. Akisema, "Wazee wangu wako Kibiti," anamaanisha baba na mama. Fundi humwita mwenye nyumba mzee kwa sababu ndiye atakayelipa. Vijana wa bodaboda hufika kijiweni na kusalimu, "Mambo vipi, wazee?" na hakuna mwenye mvi pale. Mahakamani kumekuwa na wazee wa baraza, waliokaa na kutoa maoni yao kabla ya uamuzi.

Neno hili limebeba pia historia yetu. Nchini Kenya, mtu akisema "Mzee" bila kuongeza jina, watu walijua anamtaja Jomo Kenyatta. Rais wetu wa awamu ya pili, Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure katika mkoa huu wetu wa Pwani, wananchi walimwita Mzee Ruksa. Na Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotaka kulieleza taifa kwamba tutapigana na Idi Amin, alizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 56. Jambo zito lilipelekwa kwanza mbele ya wazee, kwa sababu penye wazee haliharibiki neno.

Kwa wanawake hali ni tofauti kidogo. Mara chache utamsikia mtu akimwita mwanamke "mzee" ana kwa ana. Huku pwani tunasema mama, bibi, bi mkubwa, au kwa adabu, mtu mzima. "Bibi" nalo lina milango miwili: ni mama wa mzazi wako, na ni jina la heshima. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, na alipoanza kuwaongoza akina mama wa TANU mwaka 1955 hakuwa amefika hata miaka 30. Aliitwa Bibi kwa heshima, wala si kwa mvi.

Kwa hiyo neno mzee lina angalau mizigo mitatu: umri, uhusiano na mamlaka. Mtu anaweza kuwa na mmoja bila mingine. Hatari huanza pale tunapowapa wenye mamlaka na fedha heshima yote ya neno hili, kisha tukawaachia wenye umri miaka yao mitupu.

Katika juma lililopita, ni nani uliyemwita mzee, mama au bibi? Andika majina matatu. Ni wangapi kati yao uliwaita hivyo kwa sababu ya umri wao, na wangapi kwa sababu ya nafasi yao?

______________________________________

JUMATATU
Ndevu, Mvi na Hofu ya Mungu

Soma Mambo ya Walawi 19:32. Mungu anaagiza mambo gani matatu katika fungu hili?

______________________________________

Waebrania walikuwa na neno zaken kwa mtu mzee. Neno hilo lina undugu na zakan, yaani ndevu. Mzee ni mtu ambaye ndevu zake zimekwisha kuonekana na kukomaa. Na kama ilivyo kwetu, zaken ni mtu mwenye umri, na pia ni mmoja wa wazee wa mji wanaokaa langoni na kuamua mambo. Katika Walawi 19:32, pamoja na zaken, linatumika neno seva, lenye maana ya mvi. Mungu anaanza na mvi. Kabla hujauliza mtu huyu ana cheo gani, kabila gani au dini gani, mvi zake peke yake zinatosha kukuinua kwenye kiti.

Angalia pia kwamba agizo hili limefungwa kwa kumcha Mungu. Katika sura hiyo hiyo, fungu la 14, maneno ya kumcha Mungu yanafuata baada ya katazo la kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo. Kwa nini? Kiziwi hasikii unachosema, kipofu haoni unachofanya. Mzee naye mara nyingi hawezi kukudai heshima yake. Hawezi kukukimbilia wala kukushtaki. Aliyepo na anayeona ni Mungu.

Sisi wa bonde la Rufiji tunajua thamani ya mvi. Kwa vizazi vingi watu wa hapa waliishi na mto: maji yalipopanda walikaa juu ya madungu, na yalipoondoka walipanda mlau katika tope lililobaki. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Waliokuwa vijana wakati huo leo wamepita miaka 70. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti na kuharibu nyumba na mashamba, wao ndio waliokuwa na kumbukumbu ya mto ulivyo. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Soma 1 Wafalme 12:6-14. Rehoboamu alipoteza nini kwa kuyaacha mashauri ya wazee? Sasa soma Ayubu 32:6-9. Elihu anaongeza jambo gani?

______________________________________

Biblia haituambii kwamba kila mwenye mvi ana hekima. Elihu aliwasubiri wakubwa wake wamalize, kisha akasema wazi kwamba umri peke yake haumfanyi mtu ajue haki. Na katika 1 Wafalme 13:11-19 kuna nabii mzee wa Betheli aliyemdanganya mtu wa Mungu, na uongo ule ukamgharimu uhai wake. Tunasimama mbele ya mvi kwa sababu Mungu ameagiza. Tunapima mashauri kwa Neno la Mungu kwa sababu hilo nalo ameliagiza. Kufanya moja hakufuti jingine. Elihu alifanya yote mawili: alinyamaza kwa adabu, na alipofika wakati wake akasema kweli.

JUMANNE
Mzee wa Kanisa na Mzee wa Benchi la Nyuma

Soma 1 Timotheo 5:1, 2 kisha ruka usome fungu la 17 hadi la 19. Paulo anazungumza na watu wa aina gani katika sehemu hizi mbili?

______________________________________

Katika lugha ya Kiyunani Paulo anatumia neno moja, presbuteros, katika fungu la 1 na katika fungu la 17. La kwanza ni mtu mwenye umri: Timotheo asimkemee, bali amwonye kama baba. La pili ni kiongozi wa kanisa anayetawala vema na kufundisha. Kiswahili chetu kinafanya vivyo hivyo. Tunasema "mzee wa kanisa," na tunasema "mzee yule." Neno ni moja, watu wanaweza kuwa wawili tofauti.

Ndiyo maana katika makanisa yetu utamkuta mzee wa kanisa mwenye miaka 34. Hilo si kosa. Timotheo mwenyewe alikuwa kijana, na Paulo alimwambia asikubali kudharauliwa kwa sababu hiyo (1 Timotheo 4:12). Mitume waliweka wazee katika kila kanisa (Matendo 14:23) kwa kuangalia tabia, imani na nyumba ya mtu (Tito 1:5-9). Hawakuagiza kuhesabu mvi.

Lakini angalia mpangilio wa barua ya Paulo. Kabla hajamweleza Timotheo namna ya kuwatendea wazee wenye cheo, anamweleza namna ya kuwatendea wazee wasio na cheo. Wanaume wenye umri ni baba. Wanawake wenye umri ni mama. Kiongozi kijana akishika cheo bila kuwa mwana kwa wazee wa kusanyiko lake, ameruka hatua ya kwanza.

Hebu tuangalie Sabato moja ya kawaida. Mzee wa kanisa mwenye miaka 34 anaingia, mashemasi wanasimama, anapelekwa kwenye kiti cha mbele. Mzee wa miaka 80, aliyebeba mchanga wa msingi wa jengo hilo kwa ndoo, anaingia kwa fimbo na kutafuta nafasi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango. Wote wawili tunawaita wazee. Yule wa kwanza akitoa pendekezo kwenye baraza la kanisa, linaandikwa. Yule wa pili akitaka kusema jambo, tunamwambia muda umekwisha.

Soma 1 Petro 5:1-5. Petro, mtume wa Kristo, anajiita nani mbele ya wazee wenzake? Anawakataza nini? Na katika fungu la 5, anaposema vijana wawatii wazee, unadhani anamaanisha wenye umri, wenye cheo, au wote?

______________________________________

Petro anamaliza kwa kuwataka wote wajifunge unyenyekevu. Kijana amnyenyekee mzee, na mzee asiwatawale watu kwa mabavu. Mwenye cheo anayemwamkia asiye na cheo, "Shikamoo, mzee," kisha akainama kusikia jibu lake, hajapunguza uongozi wake hata kidogo.

JUMATANO
Neno Linapogeuka Jiwe

Kiswahili kina maneno mengine ya uzee: kikongwe, ajuza, shaibu, bibi kizee. Yote yanaweza kusemwa bila ubaya. Kiambishi ki- si tusi. Ndicho kilichomo katika kijana na kiongozi. Lakini sikiliza sauti. Mwanamume akizeeka, neno humpandisha: anakuwa mzee, mtu wa kushauriwa. Mwanamke akizeeka, mara nyingi neno humshusha: "kile kizee," "lile jibibi." Na kutoka hapo si mbali kufika kwenye neno lingine ambalo limemwaga damu nchini mwetu: mchawi.

Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, ambako kanisa letu lina waumini wengi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Sababu mojawapo iliyotajwa ni macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na samadi ya ng'ombe. Walikuwa wamewapikia watoto na wajukuu, na alama ya kazi hiyo ikafanywa ushahidi dhidi yao.

Tusidhani jambo hili ni la mikoa ya mbali. Nina jambo la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika kundi dogo la waumini. Kulikuwa na mama mjane aliyepita miaka 70. Mtoto wa jirani yake alikuwa amefariki kwa homa, na watu wakaanza kunong'ona. Kanisani hakuna aliyesema neno. Ila benchi alilokaa lilikuwa na nafasi kulia na kushoto, na wamama waliofika wamechelewa walichagua kubanana kwingine. Wakati wa chakula cha pamoja sahani yake aliletewa na mtoto, akala peke yake chini ya mwembe.

Niliona. Nilielewa. Nilikuwa na somo zuri la kufundisha siku hiyo juu ya upendo wa kindugu, nikalifundisha, nikapewa asante, nikaondoka. Niliporudi mwaka uliofuata nilimuulizia. Waliniambia alihama, na hakuna aliyejua anasali wapi. Sikumrushia jiwe mama yule. Nilikaa tu benchi lingine.

Soma Kutoka 20:16 na 1 Timotheo 5:19. Mungu anaweka ulinzi gani kwa mtu anayesemwa vibaya? Ulinzi huo unamhusu mwenye cheo tu, au na yule asiye na wa kumtetea?

______________________________________

Soma Luka 2:36-38. Tunaambiwa nini juu ya Ana?

______________________________________

Ana alikuwa mjane, mwenye umri mkubwa sana, na hakuondoka hekaluni usiku na mchana. Fikiri mwanamke wa namna hiyo katika mtaa wako: hana mume, anaamka usiku, anaonekana kwenye uwanja wa ibada saa ambazo wengine wamelala. Watu wangesema nini juu yake? Lakini Luka anamwita nabii. Mtoto Yesu alipoletwa, makuhani waliendelea na kazi zao, na mwanamke huyu mzee akawa miongoni mwa wa kwanza kumtambua na kuwatangazia wengine. Ikiwa tunawafukuza akina Ana kwa minong'ono, tunawafukuza watu ambao Mungu huwaonyesha Masihi.

Maombi ya Zaburi 71:9 na 18 ni ya mtu anayeogopa kutupwa wakati wa uzee. Jibu la Mungu limo katika Isaya 46:4: yeye aliyewabeba tangu tumboni atawabeba mpaka mvi. Je, mikono anayoitumia kuwabeba ni ya nani?

ALHAMISI
Heshima Yenye Mikono

Soma Marko 7:9-13. Watu wa wakati wa Yesu walitumiaje mambo ya dini kukwepa wajibu kwa wazazi wao?

______________________________________

Mtu angeweza kutangaza mali yake kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, na hivyo kujiondolea mzigo wa kumtunza baba au mama. Yesu alisema huko ni kulitangua neno la Mungu. Inawezekana basi kurudisha zaka kwa uaminifu, kutoa sadaka ya ujenzi mbele ya kusanyiko, na wakati huo huo mama yako kijijini anakunywa chai ya rangi bila sukari kwa sababu hakuna aliyemtumia chochote. Kwa Yesu, mkono wa pili unaufedhehesha wa kwanza.

Paulo alifanya jambo hili kuwa utaratibu. Katika 1 Timotheo 5:9 anataja wajane wa kuandikwa kwenye orodha ya kanisa kuwa wasiopungua miaka 60, umri ule ule uliowekwa na sera yetu ya 2003. Lakini kabla ya orodha ya kanisa anataja nyumba: watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao mema (fungu la 4 na la 8). Nyumba kwanza, kisha kanisa kwa yule aliye mjane kweli kweli. Serikali nayo ina sehemu yake. Zanzibar, kuanzia Aprili 2016, kila mkazi aliyefikisha miaka 70 alianza kulipwa pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 wakati huo, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Mkulima na mvuvi walihesabiwa sawa na karani.

Soma 2 Samweli 19:31-39. Daudi alitaka kumfanyia Barzilai nini? Barzilai alijibu nini, na Daudi alifanya nini baada ya jibu hilo?

______________________________________

Barzilai alikuwa na miaka 80. Alikuwa amemlisha Daudi na watu wake kule Mahanaimu, siku za kukimbia (2 Samweli 17:27-29). Sasa mfalme anataka kumlipa kwa kumpeleka Yerusalemu akale mezani pake. Mzee anakataa kwa ukweli unaogusa: ulimi haupati tena ladha ya chakula, masikio hayasikii tena waimbaji. Anaomba arudi kufia katika mji wake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Daudi hakubishana naye. Alimbusu, akambariki, akamwacha aende. Na miaka baadaye, karibu na kufa kwake, hakuwasahau wana wa Barzilai (1 Wafalme 2:7).

Wengi wetu tunaokaa mjini tunawafuata wazazi wetu Utete, Ikwiriri au Muhoro, tunawapakia kwenye basi, tunawaweka katika chumba cha Mbagala chenye televisheni, na tunashangaa kwa nini wanakonda. Tulifanya kwa upendo, lakini hatukuuliza. Wengine nao tuliacha kabisa, tukasema mwenyewe alipenda kubaki. Barzilai anatufundisha kwamba mzee ana mdomo. Kumheshimu ni pamoja na kumuuliza anataka nini, kunyamaza wakati anajibu, na kubeba gharama ya jibu lake. Barzilai alirudi kwake, lakini mfalme alimsindikiza kwa baraka na akamchukua Kimhamu aliyempendekeza yeye.

Ni mzee gani katika familia yako ambaye maamuzi juu yake yamefanywa bila yeye kuulizwa? Utampigia simu lini?

______________________________________

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Danieli 7:9-14. Sisi Waadventista tunalifahamu vizuri fungu hili kwa sababu ya ujumbe wake wa hukumu. Lakini mara nyingi tunapita haraka kwenye jina la Yule anayeketi. Biblia yetu ya Kiswahili inamwita mzee wa siku. Nywele zake ni kama sufu safi. Na Yohana alipomwona Kristo aliyetukuzwa, naye aliona nywele nyeupe (Ufunuo 1:14). Mungu hazeeki wala hachoki, lakini hakuona aibu kujionyesha kwa manabii wake akiwa na nywele zile ambazo sisi tunazipaka rangi na kuzificha.

Vitabu vinafunguliwa mbele ya Mzee wa Siku. Ndani yake yameandikwa mabenchi tuliyokaa na yale tuliyoyakwepa. Habari njema ni kwamba katika fungu la 13 anakuja mbele zake mmoja mfano wa mwanadamu, ambaye ni Wakili wetu. Yeye mwenyewe, alipokuwa msalabani na maumivu yote yale, alimtafutia mama yake nyumba ya kukaa (Yohana 19:26, 27). Yeye hutusamehe uzembe wetu kwa wazee, na hutufundisha kuanza upya.

Ellen G. White, katika kitabu cha Huduma ya Uponyaji, anapoeleza juu ya wazee, anashauri kwamba kadiri inavyowezekana wasitengwe na jamaa zao na mazingira waliyoyazoea. Watunzwe na watu wa nyumbani mwao, na wasipokuwa nao, na watu wa imani yao, wakipewa pia nafasi ya kujisikia kwamba bado wana faida. Linganisha shauri hilo na ombi la Barzilai.

Tulipojifunza jambo hili na kundi dogo pale Utete, mtu mmoja alipendekeza jambo rahisi: Sabato ijayo, kabla ya kuanza, kila mmoja akakae karibu na mtu ambaye huwa hakai naye. Hakuna aliyepiga kura. Sabato iliyofuata mama mmoja mtu mzima, aliyezoea benchi la peke yake, alijikuta na vijana wawili kushoto na mmoja kulia. Aliwatazama, akasogeza kanga yake, akawapa nafasi. Kisha akaanza kuwaonyesha mafungu, kwa sababu aliyajua kuliko wao.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kabila na familia yako, ni maneno gani hutumika kwa wanaume wazee na kwa wanawake wazee? Je, yana uzito sawa wa heshima? Darasa lenu linaweza kuanza kutumia maneno gani, na kuacha yapi?

2. Jirani anakunong'oneza kwamba bibi fulani wa kanisa lenu ni mchawi. Utamjibu nini papo hapo? Kanisa lifanye nini juma hilo hilo ili bibi huyo awe salama, nyumbani na kanisani?

3. Mzee wa kanisa mwenye umri mdogo anatakiwa kumwonya mshiriki wa miaka 75 aliyekosa. Kwa kuongozwa na 1 Timotheo 5:1, aanzeje? Nani aende naye?

4. Majirani zetu wengi hapa Rufiji ni Waislamu, nao wanafundishwa kuwaheshimu wazee. Hata neno shehe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu mwenye umri. Ni kazi gani ya kuwahudumia wazee wa kijiji tunayoweza kuifanya pamoja nao?

5. Orodhesheni washiriki wote wa kundi lenu wenye miaka 60 na zaidi. Nani anaishi peke yake? Nani hajafika kanisani kwa mwezi mzima, na kwa sababu gani? Pangeni nani atamtembelea nani kabla ya Sabato ijayo.

Muhtasari: Neno mzee lina umri, uhusiano na mamlaka ndani yake. Mungu anaanza na umri: tusimame mbele ya mvi kwa sababu tunamcha yeye. Cheo cha kanisa hakimwondolei mtu wajibu wa kuwa mwana kwa baba na mama wa kusanyiko. Heshima ya kweli humlinda mzee asiye na mtetezi, humuuliza anachotaka, na humkalia karibu. Mbele ya Mzee wa Siku, tutaulizwa kama tulimpa mtu mwenyewe ile heshima tuliyoitamka kwa midomo.